Nilifunga maziwa kwenye chupa, Bunia ikakataa kunywa

Wakuu, hodi humu ndani.

Miye ni mutu wa kusoma kimya kimya. Nasoma, nacheka, nafunga simu. Lakini siku hizi naona nyuzi nyingi za vijana wanaolia ju ya startup zao kufa. Mumoja app yake imekosa watu, mwingine partner amemukimbia. Nikasema, ngoja na miye muzee wa Bunia nilete maiti yangu. Ilikufa zamani. Haiwezi tena kuniumiza.

Uongo. Inaniumiza mpaka leo. Njo maana naandika.

Nitakayosema niliyaona na macho haya. Majina ya walioniangusha nitayataja, lakini ya ubatizo tu, ju wako hai na wajukuu zao wanashika simu. Wenyewe wakisoma watajijua.

Na Kiswahili changu mukivumilie. Ni cha Ituri, na shule niliachia primaire. Watu wa Dar mutacheka. Mucheke tu, mradi mufike mwisho.

Haya.

Ilikuwa ile miaka bunduki zilianza kunyamaza Bunia. Nasema kunyamaza, sisemi kufa. Askari wa kofia ya bluu walikuwa wanapita na vifaru vyeupe kwenye bulvari, na siye tulikuwa tunarudi moja moja toka kule tulikokimbilia. Unafika, unakuta nyumba yako haina mabati. Unakuta jirani amevaa koti yako. Unamusalimia. Anakusalimia. Mambo inaisha hapo.

Soko lilifunguliwa, lakini watu walikuwa wananunua kwa macho. Kabla ya kuuliza bei, unaangalia sura ya muuzaji, unasikiliza anavyotamka maneno, unajua ametoka kilima gani. Halafu njo unaamua kama una njaa.

Miye nilikuwa kijana, sina bibi wala mutoto, sina kazi. Vitu vya baba yetu vita ilikula vyote: yeye mwenyewe, nyumba, ng'ombe. Ilibaki ng'ombe moja tu ya jike. Mama alikimbia nayo kwa miguu, sijui namna gani, kila nikimuuliza anasema tulitembea tu. Aliipa jina Bado. Watu wakimuuliza jina gani hiyo, anajibu kwamba Mungu hajamaliza na siye.

Sasa siku moja niko nakunywa chai kwa mama mumoja pale karibu na soko. Anakata pakiti ya maziwa, na ile pakiti imetoka Uganda. Nikajiuliza. Kutoka hapa mpaka Bule, kule milimani, ni majani na ng'ombe. Na siye tunauziwa maziwa na watu wa ng'ambo ya ziwa? Ni kama kumuuzia mutu wa Tchomia, pale ziwani, samaki ya mukebe.

Nyiye vijana mungeiita market gap. Miye niliona haya tu.

Nilikuwa na rafiki, Ngabu, motari, wa kubeba watu na pikipiki. Ngabu ni wa upande ule mwingine. Watu wa Ituri wamenielewa tayari. Wengine mujue tu kwamba wakati wa vita, wajomba zake na wajomba zangu hawakuwa wanatumiana salamu. Lakini siye wawili tulichapwa na mwalimu mumoja, kwenye benchi moja, na kitu kama ile haitoki.

Nikamueleza wazo. Akakwaruza kichwa.

"Kwa hiyo watu wangu watoe maziwa, watu wako wakunywe?"

Nikamwambia na watu wako watakunywa.

"Basi tutakufa wote pamoja," akasema, na akapiga kiki.

Tulienda Bule kwa mujomba wake, Muzee Lossa. Musifikiri ni wale wazee wa hekima wa kwenye vitabu. Ni muzee mufupi, wa kukohoa, wa maneno ya kuchoma. Aliniangalia kutoka viatu mpaka nywele.

"Weye unafanana na mutu mumoja alinikimbiza wakati wa vita."

"Si miye, muzee."

"Najua. Yule alikuwa na mbio."

Watu wote wa pale wakacheka, na miye nikacheka, ju ungefanya nini.

Tukaongea mchana wote. Maziwa walikuwa nayo, na pa kuuza hawakuwa nayo. Lakini Muzee Lossa alikuwa na sharti moja tu, na ilikuwa sharti ya zamani, ya kabla ya vita, wakati pande zetu mbili walikuwa wanachungishana mifugo. Unataka maziwa yangu? Leta ng'ombe yako ilale kwenye zizi langu. Ikilala kwangu, weye hauwezi kuja kunichomea usiku, na miye siwezi kukuuzia kitu kibaya. Mutu anayechunga anapata ndama wa kwanza. Ndiyo mukataba. Hakuna karatasi.

Nilirudi Bunia na ile maneno kama mutu amebeba kaa la moto. Mama alinisikiliza akiwa anachambua maharagi. Hakuniangalia.

"Kwa watu wale?"

"Kwa Ngabu, mama."

"Ngabu hana zizi. Sema kwa watu wale."

Nikasema ndiyo, kwa watu wale. Akachambua, akachambua, mpaka nikafikiri amesahau niko pale.

"Hii ni kitu ya mwisho ya baba yenu," akasema. "Ikipotea, usinirudie na maelezo."

Kesho yake akaniachilia kamba.

Kwa hiyo wakuu, mukisikia mutu anaongea mambo ya capital, yangu ilikuwa ile. Ng'ombe moja ya mama, imelala kwa watu ambao juzi tu tulikuwa tunakimbiana.

Ile barabara ya Bule inarusha moto, ile pikipiki ya Ngabu, mpaka meno inatikisika. Maziwa inatoka huko asubuhi ikiwa nzuri, inafika Bunia imeanza kuchachuka. Basi hatukupigana nayo. Tukaamua kuuza maziwa ya kuganda, ile nzito, ya chachu kidogo. Tukatafuta mutu anayejua kuitengeneza, tukamupata Mave.

Mave alikuwa mama wa makamo, munene, wa kucheka. Alikuwa anauza maziwa ndani ya kibuyu pale sokoni. Na hapa niwaeleze jambo moja, ju bila hili hamutaelewa kilichonipata.

Kule kwetu mutu akikupa kitu cha kunywa, iwe pombe ya kienyeji, iwe maji, iwe maziwa, anakunywa yeye kwanza, mbele ya macho yako. Tunaita kutosha sumu. Kutosha kwetu ni kuondoa. Si matusi, ni adabu. Na baada ya vita ilikuwa zaidi ya adabu.

Mave aliifanya kama mutu anacheza. Kibuyu kiko mapajani, anamimina kidogo kwenye kifuniko, anakunywa, anakutolea ulimi kama mutoto kukuonyesha imeshuka, halafu njo anakupimia. Watu wa pande zote walikuwa wananunua kwake. Hawakuuliza maziwa ni ya nani. Waliona imepita kwenye koo ya Mave, basi.

Tukaanza hivyo. Ngabu analeta, Mave anagandisha na kuuza, miye natembeza kwenye kartie, mitaani, na kwenye buvete za pombe. Tukajiita Maziwa Amani. Wakati ule kila kitu Bunia kilikuwa kinaitwa Amani. Kulikuwa na Kinyozi Amani, Buvete Amani, hata fundi wa majeneza alikuwa Amani.

Na ilikwenda, wakuu. Polepole, lakini ilikwenda. Nilianza kununulia mama sukari. Nilianza kuongea kwa sauti.

Sasa aingie mukosaji wa kwanza. Anaitwa Firmin.

Shirika moja lilitangaza kwamba linatafuta vijana wenye miradi. Jina yake siandiki, lilishafunga mizigo zamani. Tukaenda, tukaongea, wakatupenda. Vijana wa pande mbili na bidoni moja ya maziwa! Walitaka kulia. Wakatutumia eksperi, Monsieur Firmin, wa kutoka Kinshasa, viatu vinang'aa, kila mara anavipangusa na leso kama kosa la vumbi ni letu.

Siku ya kwanza alifika sokoni akamukuta Mave anakunywa kwenye kifuniko. Nusura atapike.

"Te, te, mama. Mate yako ndani ya maziwa ya watu?"

Akatueleza usafi. Akatueleza kwamba kampuni ya kweli haina kibuyu, iko na chupa, iko na etiketi, iko na mashini ya kufunga. Mutu asiguse, asionje, kifuniko kikae mpaka kwa kliyenti. Akaleta ile mashini, akaleta frigo na gurupe ya umeme, akaleta makoti meupe kama ya dokta.

Na musifikiri kuna mutu alikataa. Ngabu alifurahi. Miye nilifurahi, usingizi ulinikosa. Mave njo alifurahi kuliko siye wote. Alikuwa amechoka kuonja. Mutu anaonjea soko zima, saa sita ya mchana tumbo ni ngoma. Alisema sasa hata tumbo yake imepata mushahara. Ile koti nyeupe aliivaa mpaka kanisani siku ya yenga, Jumapili, akakaa benchi ya mbele.

Tulipanga nyumba ndogo karibu na soko, tukaipaka rangi. Chupa zikapangwa ndani ya frigo, zote zimefungwa, zote na etiketi ya njiwa. Siku ya kufungua ilikuwa siku ya soko kubwa. Watu walijaa.

Wanashika chupa. Wanaigeuza juu chini. Wanaisoma, hata wale wasiojua kusoma. Wanairudisha.

Mutu wa kwanza, wa pili, wa kumi. Hivyo hivyo. Hakuna aliyesema ni mbaya. Walisema ni nzuri sana, mutoto wetu, hongera, na wanaenda kunywa chai ya Uganda pale pembeni.

Akafika Mama Neema, muuzaji wa maharagi. Huyu alikuwa kliyenti wa Mave wa kila siku, asikose. Akaishika chupa.

"Nani alifunga?"

"Mashini, mama."

"Mashini iko ya kabila gani?"

Watu walipasuka na kicheko. Na miye pia. Yeye hakucheka. Alikuwa anangojea jibu.

Nikamuuliza, mama, mbona ile ya Uganda munakunywa, na yenyewe si imefungwa?

"Mutoto wangu," akasema, polepole, kama mutu anamuelekeza mugeni njia, "mwenye kiwanda kule Uganda hajui jina la baba yangu. Weye unalijua."

Akaiweka chupa pale pale alipoitoa, na etiketi imeangalia mbele, vizuri. Akaenda.

Wakuu, nimesikia watu wengi wanaongea mambo ya feedback ya kliyenti. Ile njo yangu.

Tukajaribu kurekebisha. Nilifungua chupa nikakunywa yote mbele ya watu. Wakasema umekunywa yako, yetu ni ile nyingine. Nikafungua ya mutu nikaonja. Akasema sasa umenipa chupa iliyofunguliwa, na tena haijajaa. Tukamutoa Mave nje, akae mlangoni aonje kama zamani. Akatoka na koti yake nyeupe. Mutu mumoja akamwambia, "Mama, leo umevaa kama dokta. Na dokta njo anajua sumu."

Mave aliivua ile koti palepale. Lakini maneno ilishatembea.

Mukosaji wa pili, Dieudonné. Huyu sitamusamehe haraka. Alikuwa komersan mukubwa, mwenye kuingiza yale maziwa ya Uganda. Wakati tuko na kibuyu alikuwa anatucheka. Tulipopata chupa, aliacha kucheka.

Kwenye kartie moja kulikufa muzee, alikuwa mugonjwa wa siku nyingi, kila mutu alijua. Pembeni ya kitanda chake kulikuwa na chupa ya Maziwa Amani. Ya maji! Binti yake aliiokota akaitumia kumuwekea baba maji ya kunywa. Dieudonné alienda kwenye matanga, akakaa katikati ya watu, akaishika ile chupa mukononi. Waliokuwepo waliniambia maneno yake.

"Sisemi kitu miye. Naonyesha tu chupa."

Nyiye munajua matanga. Watu wanakaa, wanangojea, hawana kazi ingine ila kuongea. Wakiondoka, kila mutu anarudi kwenye kartie yake na ile chupa kwenye kinywa.

Wa tatu ni wa damu yangu, Bosco, mutoto wa baba mudogo. Alipita upande wetu akisema nimeuza familia, eti nakamata maziwa ya watu wale nawanywesha ndugu zangu. Na upande wa Ngabu kulikuwa na watu wao wa namna hiyo, wakisema Ngabu anabeba maziwa yao iende kutiliwa dawa mjini irudi iwaue. Kwa hiyo toka vita ianze, njo mara ya kwanza pande zote mbili zilikubaliana kitu: maziwa yetu isinywewe.

Halafu Ngabu alisimamishwa kwenye barieri ya vijana, kwenye njia ya Bule. Walimwaga maziwa yote barabarani na pikipiki wakaibakisha kwao. Alirudi Bunia kwa miguu, bidoni tupu kichwani. Nilimuuliza kama wamemupiga. Akasema kidogo.

"Mbwa walikuja wakalamba yote," akasema. "Nilikaa nikawaangalia mpaka mwisho. Hakuna hata moja imekufa."

Ni Ngabu tu anaweza kusema kitu kama ile na mudomo umevimba.

Nyumba ikafungwa. Maziwa iliyobaki tulimwaga nyuma ya choo. Firmin alikuja kuchukua mashini yake, lakini kabla ya kuichukua alitupanga mbele ya frigo, chupa tupu mukononi, akatupiga picha. Alituambia tucheke. Nafikiri mahali fulani Ulaya kuna karatasi yenye sura zetu, na imeandikwa tulifanikiwa.

Lakini yote hiyo ningeimeza. Kitu kilichokuwa kinaninyima hewa ni Bado.

Biashara imekufa, na biashara njo ilikuwa imefunga ile mukataba. Na wakati uleule milima ikachafuka tena. Tunasikia milio ya bunduki upande wa Djugu, njia ya Bule, tunaona watu wanashuka na magodoro. Barabara ikafungika. Simu kule hakuna. Mama hakuniuliza. Alikuwa anakunywa chai ya rangi, bila maziwa, na kila mutu aliyefika toka juu alikuwa anamupa kiti, anamupa maji, anamuacha aongee mwenyewe.

Kila mutu alikuwa na habari ya ng'ombe. Zimekamatwa. Zimeliwa. Zimeonekana zinavuka. Hakuna aliyesema Bado.

Na Bosco akafika nyumbani, akakaa, akamwambia mama mbele yangu kwamba ile ng'ombe watu wale walishaila, na walikula wakicheka. Mama akamujibu, "Weye ulikuwa unaosha sahani?" Lakini Bosco alipoenda, mama alimwaga chai yake nje bila kuimaliza.

Njia ilipofunguka kidogo, Ngabu alikuja asubuhi moja amevaa bote za mutu. Akasema twende. Sikutaka. Niseme ukweli, niliogopa kwenda kuona zizi tupu, na niliogopa kile ningefikiria ju ya mujomba wake, na ju yake mwenyewe. Akaniambia kama siendi, ataenda peke yake, na nikibaki nitaanza kuongea kama Bosco.

Tukaenda. Kipande kwa gari, kipande kwa miguu.

Zizi lilikuwa tupu.

Majivu, na mavi makavu. Hakuna hata moja. Muzee Lossa alikuwa amekaa kwenye bidoni iliyogeuzwa, amekonda, kikohozi kimemaliza kifua. Nikasimama. Nilikuwa nimeshaanza kumuchukia, wakuu, nasikia chuki inapanda kwenye miguu kama maji ya baridi.

Akaniangalia.

"Umechelewa," akasema. "Ile ng'ombe yako inakula sana. Njoo uione mwenyewe."

Akatupeleka chini kwenye bonde, ndani ya matete, nusu saa ya kuteleza. Bado alikuwa pale, amefungwa kamba, na ndama chini yake ananyonya.

Ni Ngabu aliyemufanya Muzee Lossa aseme ilikuwaje. Watu wenye silaha walipokuja, yeye na watu wake walipata nafasi ndogo sana. Wenzake walibeba watoto, yeye alikuwa na nafasi ya kamba moja. Ng'ombe zake zilikuwa mbele ya zizi, yangu ilikuwa nyuma. Alipita katikati ya zake akachukua yangu. Zake alizisikia zikifukuzwa akiwa ndani ya matete, ameshika mudomo wa Bado isilie.

Nikamuuliza kwa nini, muzee. Nilikuwa nalia, sifichi.

Aliniangalia kama mutu anaangalia mujinga.

"Zangu zikipotea ni hasara," akasema. "Yako ikipotea ni vita. Na vita nimechoka."

Akakohoa. Akaanza tena kulalamika kwamba ng'ombe ya mama yangu ni kichwa nguvu, imemupiga teke mara mbili.

Ndama wa kwanza ni wa mwenye kuchunga, hivyo ndivyo tulivyopatana. Ilikuwa mali yake yote sasa. Na ndama ilikuwa bado ya kunyonya. Nikafungua kamba ya Bado niangalie shingo kama imeumia, nikaifunga tena. Nikashuka Bunia mikono tupu.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amesema nisirudi na maelezo, lakini hii aliniruhusu. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu chake cha kukamulia, kile cha kutoka kwa mama yake, alichokataa hata dada zangu wasikiguse.

"Mupelekee," akasema. "Asikamulie ng'ombe yangu kwenye bidoni ya mafuta."

Hivyo njo tulianza tena, wakuu. Bila mashini, bila njiwa. Maziwa kidogo ya Bado, halafu ya jirani wa Muzee Lossa aliyerudi na mbili, halafu ya mwingine. Mave akarudi sokoni na kibuyu na tumbo yake. Ngabu akaazima pikipiki. Miye nilikaa pembeni ya Mave, na mutu akiuliza maziwa ni ya nani, sikusema tena ni ya Amani. Nilisema hii ni ya ng'ombe ya mama yangu, imekamuliwa na mujomba wa Ngabu, na niliwaeleza ile habari ya matete. Mama Neema aliisikia amesimama, maharagi kichwani. Akasema basi pima.

Sikutajirika. Nimeweka bati, nimesomesha watoto, na nina frigo ambayo nimeinunua mwenyewe. Ni hiyo tu.

Dieudonné naye yuko. Amezeeka, dokta amemukataza vitu vya viwanda, sasa anakunywa maziwa yangu. Anakuja mwenyewe na fimbo. Miye namuonjea kwanza, polepole, namuangalia ndani ya macho, nameza. Anangoja. Hatujawahi kuongea ile ya chupa. Pengine siku moja. Pengine hapana.

Sasa vijana, neno langu kwenu ni hili, mulichukue ao mulitupe. Firmin hakuwa mujinga. Usafi aliosema ni wa kweli, na leo Mave anaonjea kwenye kikombe chake mwenyewe, kwa kijiko. Kosa letu tulifikiri watu wananunua maziwa. Walikuwa wananunua kuona. Siye tukachukua pesa ya mufadhili tukaufunga mlango waliokuwa wanachungulia. Kabla ya kuleta mashini mahali, uliza watu wa pale wanaogopa nini. Usiulize wanapenda nini, watakuambia hongera.

Na wale waliokuangusha, wataje. Kukaa na jina la mutu ndani ya tumbo kunachachuka kuliko maziwa. Lakini ukimaliza kuwataja, taja na yule aliyekimbia na ng'ombe yako. Miye nilichelewa sana kumutaja. Muzee Lossa alishakufa, kwenye matanga yake tulikaa pande zote mbili kwenye mikeka ileile, na Bosco pia alikuja. Alikaa karibu na mlango, lakini alikuja.

Amani yetu mpaka leo ni ya kuyumba. Kuna wiki barabara inafungika, na tunakaa tunahesabu nani hajarudi. Lakini niwape hii ya juzi.

Binti wa Mave amerudisha chupa. Mbishi kama mama yake. Anafunga kwa mukono, pale dirishani, watu wanamuona. Juzi akapita mutoto wa kike wa shule, uniforme, vitabu kwapani. Akaweka pesa, akachukua chupa, akafungua, akakunywa akitembea, kichwa juu, anaangalia mambo yake. Hakuuliza nani alifunga. Hakuangalia sura ya mutu.

Miye nilisimama nikamufuata na macho mpaka akageuka.

"Papa, kuna nini?"

Nikamwambia hakuna kitu, mutoto. Kunywa.

Basi wakuu, yangu imeishia pale. Nani humu biashara yake ilikufa ju ya watu kuogopa, si ju ya ubaya wa kitu? Andikeni, na majina muyaweke, hata nusu. Na kama kuna mutu wa Bunia humu anayemujua Dieudonné, mumwambie kesho tunafungua mapema.